Usukani wa Vidole Vitatu

Asembo Bay,
2 Machi 2025

Kwa binti yangu Lorine,

Pokea salamu nyingi kutoka hapa nyumbani. Mimi ni mzima ila masikio, na hayo unayajua. Mama yako Nelima ni mzima, ni goti tu linamsumbua akipiga magoti kanisani. Wale kuku wawili uliowaacha sasa ni saba. Je, wewe huko Migosi? Saluni inaendaje? Wateja bado wanakuvunja mgongo?

Naandika kwa mkono kwa sababu unanijua. Simu nikiiweka sikioni nasikia kimya tu, na zile herufi za kwenye kioo ziliandikiwa macho ya sisimizi. Ya mama yako nayo ilitumbukia kwenye ndoo ya dagaa wa omena tangu Januari, iko kwa fundi mpaka leo. Barua hii inakuja na Naswa, dereva wa gari la mkate. Jibu mpe yeye.

Nyathina, mtoto wangu, ni habari ya ndugu yako Opondo. Huu ni mwezi wa nne tangu atoke hospitali. Mkono umefunga vidonda, na mdomo nao umefunga. Hasemi na mimi, hasemi na mama yako. Wale vijana waliokuwa wanajaa kwenye simba yake, ile nyumba yake ya ujana, kila Jumapili kucheza mpira wa kwenye TV, amewafukuza wote. Mchezo peke yake ndio ulikuwa umebaki. Nilikuwa namwona kupitia dirishani akijaribu, lakini vile vidole viwili vya kushoto ambavyo mashine ya kusaga ilichukua, cha shahada na cha kati, ndivyo vilivyokuwa vinabonyeza huko mbele ya ule usukani wa kuchezea. Juzi aliutupa ukutani ukapasuka. Tangu hapo anakaa akitazama TV iliyozimwa.

Mwanangu, naogopa. Siwezi kuingia kwenye simba ya kijana wangu. Baba yangu hakukanyaga yangu mpaka anaingia kaburini. Nasimama nje kama mgeni asiyekaribishwa. Nitafutie huko Kisumu usukani ambao mtu wa vidole vitatu anaweza kuushika. Sijui kama kitu kama hicho kipo. Nyuma ya karatasi hii nimechora mkono wangu wa kushoto, vidole viwili nimevikunja, upate kumwonyesha muuzaji. Mkono wake na wangu ni mmoja.

Mama yako anakumbusha ile flashi ya nyimbo za kwaya uliyomwahidi, ya kuchomeka kwenye redio.

Ni mimi baba yako,
Enos Obonyo


Migosi, Kisumu,
9 Machi 2025

Baba yangu mpendwa,

Salamu sana kwako na kwa mama. Goti lake linaendeleaje? Mimi niko sawa, ila watu wanasuka kana kwamba kesho kuna harusi ya mji mzima. Barua yako ilinukia mkate. Niliisoma nikiwa na kichwa cha mteja mkononi, nikamharibia laini mbili za msuko, ikabidi nifumue nianze upya.

Kwanza, wenyewe wanaita padi, si usukani. Nimeingia maduka matano na mchoro wako. La kwanza kijana alicheka. Nilimwambia acheke vizuri, ajue anacheka nini. Wengine wote walinisukumia padi ya kampuni iliyotengeneza mashine yenyewe ya gemu, eti hiyo ndiyo orijino, zingine ni takataka. Lakini vitufe vya kushoto vya orijino viko kule mbele, penye vidole alivyopoteza. Orijino ya nini sasa, ya kupamba meza?

Aliyenisikiliza ni wa mwisho, Waliaula, fundi wa padi karibu na stendi, mtu wa kwao mama. Aliweka mchoro wako mezani akautazama. Halafu akafunga vidole vyake viwili kwa utepe na kucheza mechi nzima hivyo. Alijaribu padi tatu. Ya kwanza nyepesi kama ganda la karanga, akaikataa mwenyewe. Ya pili nzuri lakini ina waya, na Opondo hucheza akiwa kitandani, mbali na TV. Ya tatu ni ya kampuni nyingine kabisa, haina waya, na mgongoni ina vitufe viwili vya ziada, pale pale kidole cha pete na kile kidogo vinapolala. Unavifundisha vifanye kazi ya vile vya mbele. Waliaula alishinda mbili bila, amefungwa utepe. Baba, nililia pale dukani, watu wakadhani nimeibiwa.

Nimeifunga ndani ya leso ya mama pamoja na mafuta ya goti, isigongwe njiani. Karatasi ya maelezo ni Kichina kitupu, nimeiacha. Opondo anajua vitu hivi kuliko sisi sote.

Na asipofungua mlango, ingia, Baba. Nakuomba. Mila haina mtoto, wewe unaye.

Binti yako,
Lorine


Asembo Bay,
16 Machi 2025

Lorine binti yangu,

Salamu. Ningesema hatujambo, lakini ningekuwa nakudanganya.

Padi imekataa. Naswa aliileta Jumanne, mama yako akafungua leso, akaiweka padi kwenye kizingiti cha simba. Jioni ile mlango ulifunguka. Nilimwona Opondo akiigeuza, akilaza vidole vyake huko mgongoni, na nakuapia uso wake ulibadilika. Alibonyeza. Taa ikapepesa. Akabonyeza tena. Ikapepesa tu, basi. Alijaribu mpaka kuku wakalala, na kesho yake kutwa. Siku ya tatu aliitoa nje, akaiweka dirishani taratibu kama mtu anayerudisha sahani ya jirani, akafunga mlango. Afadhali angeitupa. Mtu anayetupa kitu bado ana hasira.

Siku nne hajala ila uji. Mama yako ameondoa kamba ya mbuzi pale ukutani, akaificha chini ya godoro letu, na mimi nikajifanya sikumwona. Hatujaongea juu ya hiyo kamba. Unanielewa, nyathina?

Unasema niingie. Nimefika kwenye kizingiti kile mara ngapi! Wazee walituambia baba akiingia simba ya mwanawe anamletea mkosi. Na mkosi mwingine nitauweka wapi? Nyumba hii imejaa.

Mwambie huyo fundi utepe wake haukutusaidia. Au atuambie tumekosea wapi, maana mimi sijui tena nishike nini.

Mama yako anakushukuru kwa flashi iliyokuwa kwenye pindo la leso. Ameichomeka kwenye redio, taa inawaka, lakini kwaya haijaimba hata ubeti mmoja. Labda nyimbo zilimwagika njiani.

Baba yako,
Enos


Migosi,
18 Machi 2025

Baba,

Salamu nitazileta siku nyingine. Hiyo si flashi! Flashi ya mama nilisahau, sikutuma flashi yoyote! Hicho kidude ndicho masikio ya padi. Padi yake ya zamani haikuwa nacho, ndiyo maana hakujua kukitafuta. Bila kukichomeka kwenye mashine ya Opondo, padi inaita na hakuna anayeitika.

Kitoeni kwenye redio sasa hivi. Kichomekwe kwenye mashine ya gemu, tundu la mbele. Padi haina kosa. Mkono wake hauna kosa. Umwambie hivyo hivyo, Baba, upige kelele mlangoni asikie: mkono wako hauna kosa!

Kosa ni langu. Nimembembeleza Naswa apite kwenu kwanza kabla hajashusha mkate popote.

Lorine


Asembo Bay,
19 Machi, asubuhi

Lorine,

Kidude tumekitoa. Nimekishika hapa ninapoandika. Opondo hayumo. Mlango uko wazi na kitanda kimetandikwa, na tangu azaliwe mtoto yule hajawahi kutandika kitanda. Viatu vyake vipo. Nilisimama mlangoni nikaita, sikuingia. Watu wameenda ufukweni kuangalia. Mimi nimeenda mpaka kwenye mashine ya kusaga, nimeita mara mbili, hakuna kitu. Naswa anangoja barua hii, injini inanguruma, naiona inatikisika.

Njoo. Panda gari lolote.

Baba


Migosi,
6 Aprili 2025

Baba yangu,

Salamu kwako na kwa mama. Nilirudi salama, namshukuru Mungu. Goti lake lisilazimishwe, anywe dawa. Mimi nasuka, lakini wateja wakiniongelesha inabidi warudie.

Siku ile tulilia, tukashukuru, majirani wakajaa, hapakuwa na nafasi ya maneno. Sasa nina neno ambalo nimelibeba siku kumi na nane na limenishinda.

Nilipomkuta Opondo mle kwenye mashine ya kusaga, nyuma ya magunia, hakuwa amenyamaza. Alikuwa analia kwa sauti, Baba. Nilimsikia nikiwa bado barabarani. Alikuwa amekaa chini, ameshika ule mkanda wa mashine kwa mkono mzima, hakuwa na kitu kingine, usiogope. Na wewe asubuhi hiyo hiyo ulikuwa umesimama kwenye mlango ule ule, ukaita mara mbili, ukaondoka. Aliponiona aliniambia maneno mawili tu, "Mzee hakunisikia." Nilidhani anasema ya asubuhi ile. Nilikuwa nimeshafika Kisumu ndipo nilipoelewa kwamba anasema ya Oktoba, siku mkanda ulipomshika.

Padi inafanya kazi, nimeiona kwa macho yangu kabla ya kuondoka. Vidole vyake vimeshajifunza. Lakini anacheza peke yake, dhidi ya mashine, na Naswa ananiambia mama anasema bado kimya ni kile kile. Nilihangaika maduka matano nikadhani nimenunua dawa. Kumbe nimeponya vidole tu. Hilo lingine sijui linauzwa duka gani.

Usinikasirikie kwa kukuambia.

Binti yako,
Lorine


Asembo Bay,
13 Aprili 2025

Binti yangu Lorine,

Salamu nyingi. Mama yako anatembea vizuri kidogo. Mwewe amechukua kuku mmoja, wamebaki sita. Wewe je, unakula? Nilikuona umekonda.

Sijakukasirikia. Neno hilo nililijua kabla yako, na sasa nitakuambia nisilomwambia hata mama yako. Siku ile ya Oktoba nilikuwa nje ya mlango wa mashine, hatua tano, nafunga gunia la mteja, nimeupa mlango mgongo. Ndani mkanda ulikuwa umemshika mwanangu na alikuwa ananiita. Mteja mwingine, mama wa watu, ndiye aliyeangusha debe lake la mahindi akakimbilia swichi. Nilimwona akikimbia nikadhani ameona nyoka. Na unajua mimi nilikuwa nafanya nini, Lorine? Nilikuwa napiga mluzi. Mashine ile ilikula masikio yangu kidogo kidogo miaka thelathini, halafu ikala vidole vyake siku moja, na mimi napiga mluzi.

Nimeenda mlangoni kwake mara kumi kuomba msamaha. Kila mara narudi. Naogopa kwamba atanijibu, na sitasikia. Nitabaki pale nikitikisa kichwa kama mjinga, na nitakuwa nimemwacha mara ya pili.

Basi nimefikiri. Ninunulie padi nyingine. Ya nani? Yangu. Usicheke. Mchezo ule hauhitaji masikio. Macho ninayo, na vidole kumi ninavyo, Mungu anisamehe. Lakini ndani sitaingia. Nitakaa nje kwenye kigoda, mbele ya mlango. Nimepima ukuta kwa miguu: kutoka ilipo TV mpaka kwenye kigoda ni hatua tisa zangu. Mwulize Waliaula kama padi inasikika kutoka hatua tisa, hata upepo ukifunga mlango. Kama haisikiki, usiilete. Sitaki kitu kingine kisichosikia katika boma hili.

Ni mimi baba yako,
Enos


Migosi,
20 Aprili 2025

Baba yangu mpendwa,

Pasaka njema kwenu nyote, na poleni kwa kuku. Nakula, usijali.

Barua yako niliisoma mara nne. Sikucheka. Nimeikunja nikaiweka kwenye Biblia, na mambo ya mluzi tutayaongea tukiwa wawili tu. Wewe si mtu mbaya, Baba. Nilitaka uyaone yameandikwa.

Sasa padi. Nilimfukuza Waliaula dukani kwake mwenyewe. Nilimkalisha kwenye kreti ya soda ng'ambo ya barabara, hatua kumi na moja kwa sababu zako ni ndefu, nikafunga mlango. Mimi ndani natazama TV, yeye nje haoni kitu, namfokea: kulia! nyuma yako! amekunyang'anya, wewe! Watu wa stendi walisimama kutazama. Ile ya aina ya Opondo ilifika vizuri mlango ukiwa wazi, lakini nikiufunga wachezaji wanasimama wima kama wanaimba wimbo wa taifa. Nyingine ya bei nafuu ilikatika hatua ya sita. Iliyopita mlango uliofungwa ni moja tu, kubwa, yenye sura mbaya, ya njano kama yale mahindi ya msaada mliyokula wakati wa njaa. Waliaula anaionea aibu. Nimekuchukulia hiyo.

Kidude chake nimekifunga uzi mwekundu na karatasi: MASHINE YA OPONDO. Mama asikiguse! Flashi ya kwaya pia imo, hiyo ina uzi mweupe, nimeisikiliza mwenyewe inaimba.

Lakini kuna jambo moja. Kidude ni lazima kichomekwe ndani, na wewe umesema huingii. Kwa hiyo ni lazima Opondo mwenyewe akubali kukichomeka. Hapo sina ushauri, Baba. Naomba tu.

Binti yako,
Lorine


Asembo Bay,
11 Mei 2025

Nyathina Lorine,

Salamu kwako. Mama yako mzima, yuko kanisani, flashi inaimba mpaka jirani analalamika. Kuku sita. Nisamehe kwa kukaa kimya wiki tatu, nilikuwa sina la kuandika, na kisha nilikuwa nalo nikaogopa kuliandika lisije likaondoka.

Kidude nilikiweka kwenye kizingiti. Kilikaa hapo siku tisa. Kila alasiri nilichukua kigoda nikakaa nje na padi yangu ya njano mkononi, taa inapepesa, watu wanapita na ndoo zao za maji wananitazama. Enos Obonyo amerukwa na akili, najua walisema, bahati nzuri sikusikia. Siku ya tano nilitaka kuitupa chooni. Siku ya nane nililia, nikasingizia moshi. Siku ya kumi nilikuta kizingiti kitupu. Nikakaa, nikabonyeza, na taa haikupepesa. Ilisimama. Ndani Opondo alinyanyuka bila kunitazama, akaigeuza TV ikaelekea mlangoni.

Tumecheza kila siku tangu hapo. Nimefungwa mabao ambayo hata karani wa kata hawezi kuyahesabu. Jumatano nilijifunga mwenyewe, na nikaona mabega yake yanatikisika. Alhamisi alitoa mkono wake wa kushoto nje ya mlango, ule wenyewe, akashika gumba langu akalihamishia kwenye kitufe kinachopaswa. Niliogopa hata kupumua.

Leo mvua imeanza tukiwa katikati ya mechi. Paa la simba ni fupi pale mlangoni, mgongo wangu wote ulikuwa nje. Sikusimama, ningesimamaje? Ndipo akaweka padi chini, akanitazama usoni, akafungua mdomo. Lorine, alisema kitu. Alinisemesha mimi. Niliona midomo, niliona meno, na sikusikia hata chembe. Kile nilichokiogopa ndicho kilichonijia, mchana kweupe, na hakuna mtu wa kunisaidia.

Sikutikisa kichwa. Nilimwambia, mwanangu, masikio yangu yamekufa, na siku ile ya mashine yalikuwa yameshakufa. Uliniita na sikuja. Nisamehe. Alitazama chini. Nilimwambia anisubiri, nikakimbilia jikoni kukuandikia haya kabla karatasi haijalowa. Sasa narudi mlangoni nimpe kalamu, aandike hapa chini alichosema. Uombee.

Baba yako,
Enos


Dada Lorine, nilimwambia mzee ananyeshewa. Nikamwambia aingie.
Opondo


Lorine, nimesoma. Viatu nimeviacha nje.
Baba